Hina Iliyogoma Kupigwa Picha

Vijana mnaokuja kunigongea mlango nyote mna swali moja. Mnaniamkia vizuri, "Shikamoo, Bi Rukia," naitikia marahaba, mnakaa, mnakunywa chai yangu, kisha mnatoa kamera mfukoni na kuniuliza: "Bibi, nnataka kupiga vitu vidogo kwa karibu. Ninunue lenzi gani?" Nami nakuulizeni ni kitu gani hicho kidogo. "Vitu vidogo tu, Bibi." Hapo ndipo tunapokosana. Mtu haendi kwa fundi cherahani akasema nishonee nguo tu. Kitu kidogo kinachokimbia kina lenzi yake, kinachouma kina lenzi yake, na kinachopumua, kinachocheka na kutaka kwenda chooni katikati ya kazi kina lenzi yake na subira yake. Leo nimeamua kukuandikieni yote kwa pamoja, ili mkija tena tuzungumze mambo mengine.

Nilifanya kazi katika studio ya picha hapa Mji Mkongwe. Nilianza nikiwa mtia rangi. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na anayetaka shavu jekundu au kanga ya manjano, picha yake ililetwa mezani kwangu, mimi na brashi yangu ya nywele chache. Mwenye studio alikuwa Bwana Haidari, mtu mrefu, mkali wa mdomo, mlaini wa moyo, na mdomo ndio uliokuwa ukitangulia. Alinikabidhi kamera kwa sababu moja tu. Kuna nyumba ambazo mwanamume asiye wa humo hapiti ukumbini, na ndani ya nyumba hizo ndimo zilimokuwa harusi. Basi nikavaa buibui langu, kamera nikaificha chini yake, nikaingia nilikotumwa. Ndivyo nilivyokuwa mpiga picha.

Nianze na kamera yenyewe. Ile yetu ya mwanzo ilikuwa na kidirisha cha kuchungulia pembeni, mbali na lenzi. Ukipiga watu waliojipanga barazani, haidhuru. Ukisogea karibu, jicho lako linaona kimoja na lenzi inaona kingine. Sonara mmoja alileta jozi ya herini apigiwe picha. Bwana Haidari akainama, akachungulia, akabonyeza, akajisifu. Picha ikatoka na herini moja na ukingo wa meza. Sonara akaitazama kwa adabu zake zote, akauliza, "Na mwenzake kaolewa wapi?" Kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kutaja neno herini mle ndani. Baadaye tukapata kamera ambayo unachungulia kwa lenzi ile ile inayopiga, unachokiona ndicho utakachokipata. Nyinyi mmezaliwa mkaikuta, hamjui neema mliyonayo.

Namna za kusogea karibu ni nyingi, lakini mimi nimetumia tatu. Kuna kioo cha kuvisha mbele ya lenzi, kama mtu mzima anavyovaa miwani ya kusomea. Ni chepesi na hakili mwanga, ila pembeni picha hulegea, na ukivisha viwili hulegea zaidi. Kuna mrija, yaani pete tupu isiyo na kioo ndani, inayokaa baina ya kamera na lenzi na kuisukuma lenzi mbele. Huo ndio niupendao mpaka leo, kwani haugusi uzuri wa lenzi yako, ingawa mwanga unaula sana. Na kuna kuigeuza lenzi, nyuma ikawa mbele. Ukionekana unafanya hivyo watu watakuulizia hali yako kwa huruma, lakini kwa kitu cha ukubwa wa punje ya mchele haina mpinzani. Angalieni tu msiipumulie, maana upande ule hauna kinga.

Miaka ile baada ya Mapinduzi vifaa vya kamera havikuwa vikiingia kama zamani, kwa hiyo mrija wetu alitutengenezea fundi bati wa Darajani, kwa kopo la maziwa. Ulikaa barabara. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu katikati, ya pili vile vile. Bwana Haidari akailaumu filamu, akailaumu dawa, akanilaumu mimi, akaulaumu na upepo wa kaskazi. Kumbe kopo lilikuwa linang'aa ndani, na mwanga ulikuwa ukichezacheza humo kabla ya kuifikia filamu. Nikaenda nyumbani, nikakwangua masizi ya sufuria, nikayachanganya na gundi, nikapaka. Ukungu ukaisha. Mrija wowote mtakaoletewa, uchungulieni ndani kwanza, na ukiwa unang'aa mrudishieni mwenyewe.

Kwa kitu kinachouma, tafuteni lenzi ndefu. Hili nalijua kwa ngozi yangu. Mwalimu mmoja wa skuli alikuja akasema anataka picha ya maji moto, ya karibu kabisa, wanafunzi wake waone vizuri. Bwana Haidari ni mtu wa mjini, shamba kwake ni mahali embe zinapotoka, akamwambia arudi kesho. Kesho yake akakutwa na birika linachemka juu ya jiko la mkaa, bilauri safi, kitambaa cheusi kimetundikwa nyuma ili mvuke uonekane, na mwenyewe anafurahia jinsi alivyoupanga mwanga. Mwalimu akaingia na mfuko wa majani ya mkarafuu, akaufungua juu ya meza. Wakatoka wale sisimizi wakubwa wekundu wanaosokota majani kuyafanya nyumba, ambao shamba kote huitwa maji moto kwa jinsi wanavyounguza. Hata dua ya kufukuza wadudu haikuwahi kumalizika, na chumbani lilibaki birika peke yake. Mimi ndiye niliyerudi ndani, na lenzi ndefu yenye mrija nyuma yake, nikawapiga nikiwa mbali mkono mzima. Lenzi fupi ingenitaka niwawekee pua, na zaidi ya hayo kichwa changu kingewatilia kivuli.

Ukali wa picha ndio unaowaliza wengi wenu. Mkisogea karibu, sehemu iliyo kali inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, mbele yake ukungu na nyuma yake ukungu. Bana tundu la lenzi linalopitisha mwanga, lakini usilibane mpaka mwisho, kwani huko mwisho picha nzima huchoka. Weka uso wa kamera sambamba na uso wa kitu. Na ukishapata ukubwa unaoutaka, usiizungushe tena ile pete ya lenzi ya kutafutia ukali, isogeze kamera yenyewe mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka kitu kikujie. Kisha mnisikilize kuhusu hewa yetu hii ya chumvi. Lenzi iliyoachwa mkobani huota kuvu ndani kama mkate wa juzi. Mimi lenzi zangu zililala ndani ya kopo la biskuti pamoja na mchele uliokaangwa ukakauka, umefungwa kitambaani, na Bwana Haidari alinicheka mpaka siku aliyofungua mkoba wake mwenyewe.

Hayo yote yananipeleka kwenye harusi ya Zuhura, maana huko ndiko nilikojifunza kwamba mtu anaweza kuwa na lenzi sahihi, mrija sahihi na mkono usiotetemeka, na bado akarudi na picha ya kitu ambacho hakikuwepo.

Zuhura alilelewa mtaa wa Kiponda na mama yake mdogo, Bi Mwanakheri, mpambaji wa hina aliyejulikana mji mzima. Kazi hiyo Mwanakheri alifundishwa na dada yake, Bi Salma, ambaye ndiye mama mzazi wa Zuhura. Bi Salma alikuwa Mombasa. Alimfuata mumewe huko, akamwacha binti amalize skuli, kisha mambo yakabadilika, safari zikawa za kuombewa ruhusa, na ruhusa yake haikuja. Binti akakua, akachumbiwa, ikapangwa harusi, na mama bado yuko ng'ambo. Mwanakheri akaja studio akiwa amejifunga kanga kwa hasira ya mtu mwenye shughuli nyingi, akanivuta pembeni.

"Rukia, nnataka picha. Lakini sura ya mtoto sitaki itoke nje ya nyumba. Picha itapita mikono mingapi mpaka Mombasa? Nipigie mikono tu. Dada yangu akiiona mikono atajua kila kitu."

"Kila kitu gani?"

"Kama nimemlea au nimemfuga."

Nikamwelewa. Kwa mpambaji, hina ya bibi harusi ni maneno. Utulivu wa aliyepamba, mapenzi yake, muda aliompa mtoto, vyote vimo katika mistari ile. Na dada yake hakuwa mtu wa kudanganywa, ndiye aliyemshika Mwanakheri mkono alipokuwa hajui kuchora hata duara. Mwaka ule piko lilikuwa halipatikani madukani, ile rangi nyeusi inayokaa juu ya ngozi kama wino, kwa hiyo Zuhura alipambwa kwa hina peke yake. Mwanakheri akatia ndani yake kila alichokuwa nacho. Vidole vyote kumi vilikuwa na majani yanayofuatana, na mgongoni mwa kila mkono ua moja kubwa lenye vinukta vyembamba vya kutazamwa na jicho la karibu tu.

Nikapiga asubuhi, hina imetoka kubanduliwa. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, vigelegele, harufu ya udi na ya pilau. Mkono wa bibi harusi tukaulaza juu ya mto wa sufi, na mto wa sufi, wanangu, ni adui. Unauona umetulia, kumbe unazama taratibu, ukija kubonyeza mkono ushateremka na ukali umebaki hewani. Zuhura naye kila nikimwambia atulie anacheka. Tukautoa mto, nikaomba kifuko cha mchele, mkono ukakaa kama umejengewa. Nikapiga filamu nzima, nikarudi studio nikiimba njia nzima.

Nikaingia chumba cha giza, nikaosha, nikachapa. Mkono ukatokea kwenye dawa, mzuri ajabu. Kila mkunjo wa ngozi, kila kinyweleo, pete, kucha, vyote vikali. Hina hakuna. Nikadhani macho yangu. Nikachapa nyingine. Mkono mweupe, mtupu, msafi. Nikamwita Bwana Haidari, akaishika picha kwa ncha za vidole.

"Umepiga mkono wa nani?"

"Wa bibi harusi."

"Kabla hajaolewa au baada ya kuachwa?"

Alipoona nimekaribia kulia akaacha mzaha. Akajaribu karatasi nyingine, akajaribu dawa kali zaidi, akapata kivuli cha ua kama doa la chai. Mwishowe akasema, "Wewe ni mtia rangi. Chukua brashi, ichore." Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye brashi. Lakini Bi Salma angeutambua mstari wa brashi kabla hajakaa kitako, na Mwanakheri angeonekana amemtumia dada yake uongo. Nikaziweka picha ndani ya bahasha, nikaenda Kiponda.

Mwanakheri alizitazama zote, moja moja. Hakupandisha sauti. Alizikusanya, akazipanga sawasawa, akaziweka mapajani.

"Dada atasema mtoto kaingia kwa mumewe mikono mitupu," akasema. "Miaka yote hii nnamwandalia siku moja, Rukia. Na siku yenyewe haionekani."

Zuhura na mumewe walikuwa ndani ya fungate, zile siku saba ambazo bwana harusi hukaa nyumbani kwa bibi harusi, na mjomba wake Zuhura aliyekuwa na ruhusa ya kusafiri alikuwa aondoke kwenda Mombasa fungate ikiisha. Na hina haingoji mtu. Kila mkono unapooshwa, unatoka nayo kidogo. Nikakaa pale chumba cha juu nimeinamisha kichwa, nikiona haya kuondoka na haya kubaki.

Zuhura akaja na sinia ya chai. Chumba kile kilikuwa na dirisha kubwa ambalo juu yake kuna upinde wa vioo vya rangi, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani hapa, na jua la asubuhi lilikuwa limemwaga rangi zile sakafuni na juu ya meza. Akainama kuniwekea kikombe. Mkono wake ukapita kwenye rangi nyekundu, na hina ikapotea mbele ya macho yangu, mkono mtupu kama ule wa pichani. Akausogeza, ukaingia kwenye kijani, na yale majani yote yakatokea meusi tititi, kama piko.

"Usiondoe mkono," nikamwambia.

"Chai ya moto hii, Bi Rukia."

"Iweke chini, mkono uache hapo hapo."

Nikaurudisha kwenye nyekundu, ikapotea. Kwenye kijani, ikarudi. Nikaanza kucheka peke yangu, na Mwanakheri akanitazama kwa wasiwasi. Miaka mingapi nimefanya kazi chumba cha giza chini ya taa nyekundu, mikono yangu mwenyewe ina hina ya sikukuu, na humo ndani nikiiona mitupu nisiulize kwa nini? Filamu yetu ile ilikuwa ikiuona wekundu wa hina kuwa ni mwangaza tu, sawa na ngozi. Kwenye mwanga wa kijani, hina haina cha kurudisha, inabaki giza. Mnaweza kununua kioo cha kijani cha kuvisha mbele ya lenzi, kipo, na ni kizuri. Sisi hatukuwa nacho, na kile cha dirishani kina mawimbi, ukikivisha lenzi kitakupotosha picha. Lakini kikibaki kule kule dirishani, kikautia rangi mwanga tu, mawimbi yake hayadhuru kitu. Hilo liandikeni mahali. Ukishindwa kuigusa lenzi, uguse mwanga.

Nikakimbia studio kuchukua vyombo. Niliporudi kupanga chumba, Mwanakheri alikuwa ameshapanda juu ya kiti anaziba vioo vya nyekundu na manjano kwa kanga, amezitoa nyingine mpya kabisa za sandukuni. Tukaweka ubao baina ya viti viwili virefu, kamera tukaifunga juu yake kwa utepe ichungulie chini, mrija wa kopo la maziwa nyuma ya lenzi ndefu, kifuko cha mchele chini, mkono wa Zuhura juu ya mchele. Mwanga wa kijani ni mchache, mrija nao unakula, kwa hiyo lenzi ilibidi iachwe wazi kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu taratibu. Muda huo wote bibi harusi asipumue kwa nguvu wala asicheke. Na jua halikukaa mahali pamoja. Kila tukimaliza mkono mmoja, kiraka cha kijani kimeshatembea, tunahamisha viti, ubao, mchele na mtu.

Katikati ya shughuli hiyo akaingia bwana harusi, anatafuta chakula chake cha mchana. Akasimama mlangoni. Dirisha limefunikwa kanga, chumba kizima cha kijani, mkewe amelaza mkono juu ya mchele, na mimi nimeinama juu yake na kopo la maziwa.

"Mnampika?" akauliza.

Zuhura akashindwa kujizuia, picha ile ikaharibika, na kila mtu akacheka mpaka Mwanakheri akateremka kitini ili asianguke. Bwana harusi naye hakusamehewa. Akapewa ncha ya kanga aishikilie juu, akasimama hivyo mpaka tulipomaliza, na kila mara akiuliza kama bado kidogo.

Safari hii picha ilipotokea kwenye dawa sikumwita mtu. Nilikaa naitazama. Majani yote yalikuwepo, ua lilikuwepo, vinukta vyembamba kama sindano vilikuwepo, na mahali ambapo mkono wa Mwanakheri ulikaza au ulilegeza palionekana. Bwana Haidari alipokuja aliipeleka penye taa, akaigeuza huku na huku.

"Piko umelipata wapi?"

"Dirishani," nikamwambia.

Mjomba akaondoka na picha, ameifunga baina ya mbao mbili nyembamba isikunjike. Mwanakheri akawa hatulii. Alipita studio mara kwa mara na visingizio vyake, leo anatafuta uzi, kesho amepotea njia, mtu aliyezaliwa mji huu huu. Alichokiogopa alinieleza siku moja akiwa ameshika mlango tayari kuondoka: kwamba dada yake angesema tu "mashallah, imependeza," kama anavyosema mgeni.

Mjomba aliporudi Mwanakheri akatuma niitwe, nije na nakala ya pili ya picha ile, iliyobaki studio. Nikamkuta amekaa ukumbini na Zuhura ubavuni pake, hina yote imeshatoka mikononi, na mjomba anakunywa maji taratibu kama watu wanaorudi safari wanavyopenda kufanya.

"Aliipokea," akasema mwishowe. "Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Kakaa nayo huko mpaka nikadhani kanisahau. Hakuniuliza mahari, hakuniuliza wageni wangapi."

"Kasema nini?" Mwanakheri akauliza.

"Kasema hivi, na kaniambia nikwambie kama alivyosema. Mkono wa kushoto, kidole cha pete. Majani yote yaelekee ukuchani, ndivyo alivyokufundisha. La tatu umelipindua."

Zuhura akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mwanakheri. Akanyoosha mkono, nikampa picha na lenzi yangu ndogo ya kukuzia niliyokuja nayo. Akaipitisha polepole juu ya kidole, jani la kwanza, la pili, akasimama. Lilikuwa limepinduka kweli, jani dogo kuliko punje ya ufuta, ambalo nyumba nzima ya wanawake haikuliona harusini. Nikaogopa ataumia. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa kanga, na alipouondoa alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Miaka yote hii nnapamba peke yangu," akasema, "hakuna hata mtu wa kunigombeza."

Kisha akauelekeza uso wake dirishani, upande wa bahari, akaitikia kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Naam, Dada."